Kitambaa Juu ya Uso wa Maman Joséphine

Laurence anatengeneza tovuti. Watu wa Kamembe, mji wa Rwanda ulio mpakani na Kongo, wakisikia hivyo wanaitikia kwa heshima, kisha wanamuuliza kama anaweza pia kuangalia televisheni iliyokufa.

Alizaliwa Bukavu, upande wa Kongo, ng'ambo ya mto, kwa wazazi Wanyarwanda. Akarudi na mama yake akiwa na miaka kumi na mitatu, na Kinyarwanda chake kikawachekesha wenzake hadi alipomaliza shule. Sasa ana miaka thelathini na minne. Amepanga chumba juu ya duka la mabati. Chumba kina meza mbili. Ya pili ni ya Christophe-Aimé, aliyesomea kompyuta Kigali. Mwili wake ulisharudi. Mdomo bado uko Kigali.

Kazi ya Laurence, kwa asiyeijua, ni kuandika maagizo. Picha ikae hapa, maneno yakae pale, rangi iwe hii. Anayeyasoma maagizo hayo ni kivinjari, ile programu iliyomo ndani ya simu ambayo mtu anafungulia tovuti. Taabu ni kwamba vivinjari ni vingi, na simu ni nyingi zaidi. Vyote vinafanya ulichosema. Hakuna kinachofanya ulichotaka.

Kwa sababu hiyo ana droo yenye simu nne za mtumba: ndogo, kubwa, ya zamani, na iliyopasuka kioo. Kabla ya kumkabidhi mteja kazi, anaifungua katika zote nne. Mteja akipiga simu kulalamika, anazifungua tena, anaangalia, na kumjibu yale maneno anayojulikana nayo mji mzima: "Kwangu iko muzuri." Christophe-Aimé aliwahi kumwambia kwamba akifa hayo ndiyo yataandikwa msalabani. Laurence hakuona kosa. Kwake ilikuwa nzuri kweli.

Basi ushirika wa wauza sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, wa kisiwa cha Nkombo ulitaka tovuti. Aliyelileta shauri hilo ni Maman Joséphine, mwanamke aliyeuanzisha ushirika wenyewe. Alipanda ngazi za duka la mabati akiwa amefunga kilemba cha manjano. Akakaa. Akasema anataka wanunuzi wa Kamembe na Bukavu wawaone samaki kabla ya kuuona mdomo wa dalali. Akainuka. Yalikuwa yameisha.

Laurence akaenda kisiwani kumpiga picha. Joséphine alisimama ufukweni na beseni lake la sambaza, na Laurence akahangaika na jua nusu saa nzima, mara kushoto, mara kulia. Mama yule alisema mara moja tu kwamba sambaza hawangoji.

Wiki tatu baadaye homa ikamshika Joséphine kwa siku nne, akafariki.

Tovuti ilikuwa haijatoka. Ushirika ukaamua itoke hivyo hivyo, na ile picha ya Maman ikae juu kabisa. Hapakuwa na sherehe, maana palikuwa na matanga. Ilitumwa kwenye simu za wanachama, kila mtu akaifungua kwake. Laurence naye, bila kuagizwa na mtu, akaongeza kitu. Mwanzoni chini ya picha palikuwa na jina tu. Akatandika ukanda mweusi kwenye sehemu ya chini ya picha, na juu yake akaandika kwa herufi nyeupe jina la Maman, mwaka aliozaliwa, mwaka aliofariki, kwamba ndiye aliyeuanzisha ushirika, na kwamba wanamkumbuka. Akafungua katika simu zake nne. Ukanda ulikaa chini kwenye beseni, mwembamba, wa adabu. Akaona amefanya vizuri.

Na sifa zikaja. Maman Béata, présidente mpya wa ushirika, alimtumia mfuko wa sambaza wakavu na ujumbe kwamba ameonyesha amelelewa. Bamaman, akina mama wa Nkombo, wakikutana naye sokoni wanamsalimia kwa mikono miwili. Mmoja alisema batoto ba siku hizi hawajui mambo hayo tena. Laurence aliitika. Alidhani wanasifu rangi.

Ikapita miezi saba.

Siku ya Jumanne asubuhi mzee mmoja akapanda ngazi polepole. Alikuwa na ndevu za kijivu zisizochanwa, ndevu za mtu asiyezizoea. Alikuwa Mzee Nsabimana, mume wa Joséphine. Akaweka mezani sambaza waliofungwa kwenye gazeti. Akakaa kwenye kiti kile kile alichokalia mke wake, bila kujua.

Akamshukuru Laurence kwa kitambaa.

Laurence akasema asante. Hakujua ni kitambaa gani, ila ni vigumu kumkatalia mtu shukrani.

"Tulitoa matanga siku ya posho," mzee akasema. Alikuwa na maana ya Jumamosi. "Sasa unaweza kumufunua."

"Kumufunua nani, Mzee?"

"Bibi yangu."

Akaeleza, kwa maneno machache kama anayalipia. Jumamosi misa imesomwa, pombe imenywewa, ndugu wote wamenyolewa. Yeye peke yake alikataa wembe. Maman bado amefunikwa uso kule ndani ya simu, na mbele ya watu wote. Mume atanyoa namna gani kabla mke hajafunuliwa? Watoto wake wanamwona mkaidi. Katekista amemuuliza kama ana shaka na misa. Hana shaka na misa. Anangoja kitambaa.

Laurence akamtazama Christophe-Aimé. Christophe-Aimé akatazama dirishani. Wote wawili walifikiri jambo moja: huzuni imemwingia mzee kichwani. Laurence akafungua tovuti, akamgeuzia kompyuta.

Joséphine alikuwa pale. Kilemba, macho, beseni, na ule ukanda mwembamba chini.

Mzee aliangalia muda mrefu. Akasogeza kidole karibu na kioo, hakugusa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona picha ile.

"Umefanya haraka," akasema. Akavaa kofia, akashuka ngazi kwenda kungoja boti.

Kesho yake asubuhi akapiga simu. Mzee alikuwa na kisimu cha tochi cha kupigia. Simu ya kuonea tovuti ilikuwa ya marehemu, na ilikaa nyumbani. Haikuvuka maji, isije ikaanguka ziwani.

"Mwanangu, kwetu kingalipo."

"Nini, Mzee?"

"Kitambaa."

Laurence akafungua droo. Simu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. "Mzee, kwangu iko muzuri."

"Kwako iko muzuri tangu zamani," mzee akasema. "Mimi sikai kwako."

Hapo Laurence akaanza kazi, kwanza kwa kuudhika. Alijua kivinjari kina tabia ya kuweka akiba: kinahifadhi ukurasa wa zamani na kuuonyesha tena badala ya kuuchukua upya. Akamwambia mzee aifute ile akiba. Mzee akauliza kufuta nini. Laurence akasema vitu vya zamani vilivyomo kwenye simu. Mzee akasema kwa upole kwamba kwenye simu ile hakuna atakayefuta kitu.

Akaandika ukurasa upya kwa namna nyingine, akautuma. Kitambaa kikabaki. Akabadilisha picha, akaweka nyepesi zaidi, labda mtandao wa kisiwani hauwezi nzito. Kitambaa kikabaki. Akafungua tovuti kwa vivinjari sita, vingine hajavigusa tangu masomoni. Kote Joséphine alimwangalia uso mkavu.

Christophe-Aimé akatoa maoni yake. Alisema kosa hili analijua, linakaa kati ya kioo na mtu anayekiangalia, na halina dawa ya kompyuta. Alishauri waandike juu ya tovuti kwamba mtumiaji atafute simu mpya.

Laurence akampigia Maman Béata amwombe kitu kidogo tu: afungue tovuti kwenye simu yake, akipige picha kioo, amtumie.

Maman Béata akashtuka. Akasema kitambaa cha matanga hakipigwi picha.

"Maman, na wewe unaona kitambaa?"

"Shiye bote tunakiona. Cheusi, na jina yake juu, kama ya kwenye msalaba. Njo sababu tulisema umelelewa."

Laurence akakaa chini. Miezi saba wazee wa ushirika walikuwa wakifungua tovuti, wanaona giza pale panapotakiwa uso, na kumsifu. Hakuna aliyelalamika, maana hakuna aliyeona kosa. Mnunuzi wa Bukavu asiyemjua Joséphine alimwona uso kwa uso. Waliokula naye walionyeshwa kitambaa. Na sambaza wote aliotumiwa, Laurence alishawala.

Siku ya Ijumaa akaweka kompyuta kwenye mfuko wa plastiki, mfuko kwenye mfuko mwingine, akapanda boti ya Nkombo.

Mzee alimpokea mlangoni. Nyumba ilikuwa imefagiwa na mtu anayefagia katikati tu. Juu ya kabati palikuwa na vikombe viwili, kimoja kina vumbi. Mzee akanawa mikono. Akafungua kitenge kilichokunjwa, ndani yake mfuko, ndani ya mfuko simu. Ilikuwa na moto kamili. Aliichaji kila siku kwa sahani ya jua, ingawa haikuwa na wa kumpigia.

Laurence akaishika. Akaelewa kabla hata ya kufungua tovuti.

Herufi zilikuwa kubwa. Kubwa kama za bango la kanisa. Saa peke yake ilijaza nusu ya kioo. Akafungua tovuti, na kitambaa kile pale. Maneno yake ya rambirambi, yale aliyoyaongeza kwa wema, yalikuwa yamevimba. Mstari mmoja umekuwa mitano, mitano imekuwa tisa. Na kwa kuwa aliuagiza ukanda ushike ukingo wa chini wa picha wala usibanduke, haukuwa na njia nyingine ya kukua ila kupanda. Ulipanda ukafunika beseni, ukafunika kifua, ukafunika mdomo, pua na macho. Kilichobaki ni upindo wa kilemba cha manjano.

Akachukua simu yake mwenyewe, akaingia kwenye mipangilio, akakuza herufi hadi mwisho. Joséphine akafunikwa pale pale. Simu nne kwenye droo, na hakuna hata moja aliyowahi kuikuza herufi. Macho yake mwenyewe yalikuwa mazima.

Dawa ya haraka ilikuwa chini ya kidole. Akarudi kwenye simu ya marehemu, akapunguza herufi zikawa za kawaida, akafungua tovuti tena. Uso ukatoka. Akampa mzee kwa furaha.

Mzee akaangalia. Akasogeza simu mbali, kisha karibu. Akatoka kwenye picha, akatafuta kitu kingine humo, akakosa.

"Nani amepunguza herufi?"

Laurence akasema ni yeye, ndizo zilizoleta shida.

"Rudisha," mzee akasema.

Hakukasirika. Akaeleza. Zamani bei ya sambaza ilitumwa asubuhi kwa ujumbe, kabla boti hazijaondoka, na wazee hawakuweza kuisoma. Wakifika sokoni wanaambiwa bei yoyote. Joséphine akachukua simu za wote, moja moja, ndani ya boti, akakuza herufi hadi mwisho. Ya Béata, ya katekista, ya wote. Ya kwake mwenyewe aliikuza kwa ajili ya mume wake, ambaye alijifunza kusoma uzeeni na anasoma kubwa tu. Mle ndani kuna ujumbe aliomwandikia alipokuwa hospitali kwa ile homa. Mzee huusoma. Kwa herufi ndogo hauoni.

Laurence akarudisha herufi. Kitambaa kikapanda tena mpaka kwenye kilemba. Yeye ndiye aliyekishona. Aliyekivuta hadi juu ni Joséphine mwenyewe, kwa kidole chake, ndani ya boti, akiwatakia watu bei nzuri.

Akatoa kompyuta, akakaa kwenye benchi nje ambako mtandao unapita vizuri zaidi. Simu hii haikuwa na kosa. Lililotakiwa kunyooshwa ni maagizo yake. Akaliondoa lile neno linalouamuru ukanda ukae juu ya picha. Akaandika ukae chini yake, nje kabisa, na ukikua uteremke. Maneno yawe makubwa kama nyumba ukipenda, yatasukuma bei za sambaza chini, uso hayataugusa. Ilikuwa mistari mitatu. Miezi saba, safari mbili za ziwani, mistari mitatu.

Akakuza herufi, akapunguza, akakuza. Akailaza simu, akaisimamisha. Kisha akamwita mzee.

Mtandao ulikuwa mzito, picha ikashuka kidogo kidogo kutoka juu. Kilemba. Paji la uso. Ikasimama hapo kwanza, na mzee akaishika simu kwa mikono yote miwili kama mtu anayepokea sahani ya moto. Macho yakaja. Pua. Mdomo umekazwa.

Mzee akaangalia muda mrefu kuliko ule wa Kamembe.

"Amekasirika," akasema.

Laurence akakubali kwamba alimsimamisha juani nusu saa.

"Alikuwa anakwambia ufanye haraka." Ndevu zikasogea kidogo pembeni. "Njo yeye."

Kisha Laurence akamwambia ukweli. Kwamba hakikuwa kitambaa. Kwamba hajui chochote cha kufunika wafu kwenye simu. Kwamba lilikuwa kosa la kazi, la kwake, na sifa zote alizopewa hakustahili hata moja.

Mzee hakuondoa macho kwenye simu.

"Usiambie bamaman," akasema. "Banakupenda."

Akaingia ndani, akatoka na wembe, sabuni na kioo kidogo cha kutundika. Akakitundika kwenye msumari wa mlango. Simu akaiegemeza dirishani, Joséphine akitazama nje, akaanza kunyoa.

Alikuwa amemaliza shavu moja Maman Béata alipokuja. Aliona wembe, akaona simu, akafanya ishara ya msalaba. Akasema ni vizuri, kila kitu kwa wakati wake. Akamgeukia Laurence. Amefurahi kumkuta, maana kuna jambo. Ushirika wa kahawa wa Mururu umefiwa na mzee wao wiki iliyopita. Nao wana tovuti, na picha ya mzee iko pale uso wazi, mchana kutwa, kama mtu asiyekuwa na ndugu. Wamesikia habari ya kitambaa cha Nkombo. Wanaomba cha kwao.

Laurence akafungua mdomo. Kwenye kioo cha msumarini, kutoka nyuma ya povu, jicho la Mzee Nsabimana lilikuwa linamwangalia.

"Itachukua siku mbili," Laurence akasema.

Ilichukua tano. Kosa lililojitengeneza lenyewe bila kuombwa sasa liligoma kutengenezwa. Kwenye simu ndogo kitambaa kilifunika hadi kidevu tu. Kwenye kubwa kilifunika picha, jina na bei ya kahawa. Kwenye ile iliyopasuka kioo kilifunika jicho moja, na mzee wa Mururu akaonekana anawakonyeza wafiwa. Siku ya nne Christophe-Aimé akafungua kwenye simu yake ya Kigali na kumwona marehemu uso wazi, anacheka.

"Kwangu hajafunikwa," akasema.

Laurence hakumjibu kama zamani. Alinyoosha mkono juu ya meza, akamwomba simu.

Droo yake siku hizi ina simu tano. Ya tano ina herufi kubwa kama za bango la kanisa, na ndiyo anayoifungua kwanza. Mzee Nsabimana alipita Kamembe mwezi uliofuata, kidevu safi, na sambaza kwenye gazeti. Alikaa kidogo. Akaulizwa habari za nyumbani, akasema Maman yupo, anaonekana vizuri.

"Bado amekasirika," akasema, akavaa kofia.